Mahari kwa Bei ya Leo

Nassim alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, jeneza liko katikati ya sebule, wanaume wamejazana ngazini wakingoja kulibeba liwahi sala ya alasiri, pale Haji Munir, kaka wa marehemu, alipopenya katikati ya wanawake akiwa na mfuko mweusi wa plastiki mkononi.

"Shemeji," alimwambia Hiyam, "samahani kwa saa hii. Sheikh anauliza kama mdogo wangu anadaiwa."

Wanawake wakanyamaza wote, hata yule binamu aliyekuwa analia kwa sauti tangu asubuhi. Kila mmoja alijua deni gani linaulizwa. Watu wa Saida, mji wao huo wa Lebanon, humwandikia mwanamke mahari mbili: ya mkononi, anayopewa siku ya ndoa, na ya nyuma, inayokaa shingoni mwa mume mpaka amwache mkewe au afe. Na mume akifa, mjane huulizwa palepale, maiti haijatoka nyumbani: unamdai au umemsamehe? Wengi husamehe. Utasema nini na watu wote wanakuangalia?

Hiyam alifungua mdomo, lakini Haji Munir akamtangulia.

"Hapana, usisamehe! Mdogo wangu haendi kaburini kwa hisani ya mtu. Lira milioni kumi na tano, ndivyo ilivyoandikwa kwenye cheti, nami nimezileta. Hesabu mbele ya watu."

Akaufungua mfuko. Noti za laki laki, mpya, zimefungwa mipira. Hiyam hakuhesabu. Aliuangalia mfuko, akaliangalia jeneza, akaona kitambaa cha kijani kimeteleza upande wa miguuni na hakuna aliyekirudisha. Mlangoni sheikh wa mtaa akauliza, "Binti yangu, umepokea haki yako?"

"Nimepokea."

"Yote?"

"Yote. Simdai."

"Mungu akulipe, Haji," wakasema watu. "Huyo ndiye kaka!" Wakalibeba jeneza. Ngazi za jengo lile ni nyembamba, na umeme haukuwapo, kwa hiyo iliwabidi walilaze upande penye kona ya ghorofa ya pili, huku mtu akiwamulikia kwa simu. Hiyam alisikia sauti zao zikishuka, akasikia mtu akimsifu Munir mpaka chini barabarani, halafu hakusikia kitu tena. Kule wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko. Alibaki na mfuko magotini.

Matanga yalipokwisha, viti vya kukodi vikarudi kwa mwenyewe na vikombe vya kahawa chungu vikaoshwa. Akabaki na jirani wa mlango wa pili, Umm Wissam, mwanamke mnene mwenye roho nzuri na mdomo usiojua kufunga. Huyo alikuja siku moja na sahani ya dengu na wali, akaketi, akauona ule mfuko juu ya kabati.

"Hujaugusa?"

"Niuguse ninunue nini?"

Umm Wissam akatoa simu, akavaa miwani, akagawanya. "Haya. Milioni kumi na tano, kwa bei ya siku ile... Ya Allah, Hiyam! Dola mia na sitini, tena hazitimii! Mwaka ulioolewa zilikuwa ngapi?"

"Karibu elfu kumi."

"Elfu kumi!" Akapiga paja. "Mtu amekulipa mia na sitini kwa elfu kumi, na watu wakamwombea dua! Mimi mwenyewe nilimwombea, kinywa changu hiki kikauke! Hata paka huolewa kwa zaidi."

Hiyam akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, akaona haya, akafunika mdomo. Lakini Umm Wissam alikuwa ana mtoto wa binti yake wa kumlea na chungu jikoni, hakukaa. Akaondoka na sahani yake, na nyumba ikawa kimya tena kiasi kwamba Hiyam alilisikia friji likigutuka jenereta la mtaa lilipowashwa. Friji lile Nassim alilitengeneza mwenyewe, kama alivyotengeneza mafriji ya nusu ya mji, na hakuwahi kujua kumdai mtu ipasavyo.

Naye hakuwa na mtoto. Hiyo niiseme mapema, maana ndiyo iliyoleta mambo yote. Mwanamume akifa bila mtoto, mkewe hurithi robo, na zinazobaki huenda kwa kaka yake.

Haji Munir alikuja eda ilipokaribia kwisha. Hakuja peke yake, alikuja na mkewe, kwa heshima, na kilo mbili za machungwa. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mkubwa wa mwili, muuza vigae, na tangu benki zifunge milango alikuwa amepungua mpaka shati lilimning'inia shingoni. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Shemeji, tuongee kama ndugu. Nyumba hii wamenipa bei. Dola elfu kumi na sita, taslimu."

"Nani aliyekwambia nyumba inauzwa?"

"Robo yako, robo tatu zangu. Sikuitunga mimi sheria. Ukitaka kukaa, nipe elfu kumi na mbili, kaa mpaka ufe, nitakupigia makofi. Ukishindwa, tunauza, unachukua elfu nne zako."

"Elfu nne nitapanga kwa miaka mingapi?"

Munir akamtazama mkewe. "Una mahari yako," mkewe akasema polepole, na mara akatamani asingesema.

Hiyam akamgeukia Munir. "Mahari yangu? Elfu kumi za dola umenilipa kwa mfuko wa nyanya, na mkeo ananiambia nina mahari?"

"Zimeandikwa lira!" Munir akapandwa. "Nimeziandika mimi? Mimi nilimkopesha mjenzi vigae vya dola elfu thelathini, akaja akanilipa lira kwa bei ya zamani, elfu moja mia tano na saba kwa dola, kama tulivyoandikiana, na mahakama ikasema amelipa. Akiba yangu benki wananipa lira. Mimi nimekwenda kumshtaki nani? Nchi nzima imelipana hivyo, shemeji. Mimi nilipwe hivyo, halafu nilipe vingine?"

Kulikuwa na ukweli katika maneno hayo, na ndiyo maana aliyasema kwa kelele. Walipoondoka machungwa yakabaki mezani. Hiyam alikula moja, halafu la pili, amesimama, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwandalia meza.

Wakili aliitwa Rula, binti wa mwalimu wake wa zamani, kijana, mwenye haraka, na hakumtoza. Alikisoma cheti cha ndoa, akakitua.

"Mwaka ule wenzako wote waliandikiwa dhahabu au dola. Wewe kwa nini lira?"

"Baba yangu," Hiyam alisema. "Alikuwa karani wa posta. Alisema vita vimekwisha, nchi imepona, mwanangu simwandikii pesa ya watu wengine. Na wala hakukosea kwa haraka. Bei ya dola ilisimama palepale miaka ishirini, mpaka watu wakasahau kwamba pesa hutembea."

"Haya. Sikiliza. Kuna makadhi siku hizi wanapima mahari kwa thamani ya siku ya ndoa. Tukipata hukumu hiyo, deni la elfu kumi linatolewa kwanza kwenye nyumba, kabla ya kugawana. Zinabaki elfu sita, fungu la Munir linakuwa elfu nne na nusu tu. Unazo?"

Hiyam alikuwa na bangili tatu, na dada yake yuko Abidjan, mumewe ana duka. "Nitazipata."

"Basi nyumba yako. Tatizo ni moja. Ulipokea. Mbele ya mashahidi, ukasema 'yote'." Rula akasogea karibu. "Pana mlango mmoja tu, na nimekwisha kuuona ukifunguka kwa wengine. Kadhi atakuuliza: uliposema umepokea haki yako, ulijua zile pesa ni kiasi gani kwa thamani ya leo? Utasema hukujua. Mjane, siku ya msiba, kichwa hakipo, dola hujui inaendaje. Basi. Machozi mawili ukiweza."

"Mwanamke gani Lebanon hajui dola inaendaje?"

"Yule anayetaka kubaki nyumbani kwake," Rula akasema, akaanza kukusanya makaratasi.

Tuseme kweli: kama mtaa mzima ungetafutwa mtu asiyejua bei ya dola, Hiyam angekuwa wa mwisho kuitwa. Nassim hakuwa na simu ya maana wala hamu ya hesabu, na tangu lira ianze kuporomoka ni mkewe aliyeshika bei. Kabla ya kushuka kununua yai aliuliza. Eda ilipokwisha akaanza tena kwenda dukani kwa Abu Talal, na hapo ndipo alipopata maongezi yake ya siku.

"Mayai?" Abu Talal alimwuliza. "Leo dola naipiga kwa lira elfu tisini na moja."

"Tisini na moja ya wapi? Soko limefungua kwa themanini na tisa na nusu. Unaniuzia mimi mayai au mafuta ya ndege?"

"Haya, benki kuu imefika!" Abu Talal akawaambia wateja. "Toeni pesa zenu kabla hajashusha!"

Watu wakacheka, na Hiyam akacheka nao, akalipa kwa themanini na tisa na nusu, na akabaki pale dukani akisomasoma mikebe ya dengu ambayo hakuwa na haja nayo. Alipopandisha ngazi mpaka ghorofa ya tatu alikuwa bado anatabasamu. Akaweka mayai. Akajaribu kwa sauti, jikoni, peke yake: "Sikujua, sheikh. Mimi sijui mambo ya dola." Ilitoka vizuri. Akajaribu tena, ikatoka vizuri zaidi, na akajichukia.

Chumba cha kadhi kilikuwa kidogo, feni imesimama, dirisha liko wazi na pikipiki zinapiga kelele chini. Kadhi alikuwa mzee mwenye mafua, kitambaa hakimtoki mkononi. Haji Munir aliketi upande wa pili bila wakili, mikono juu ya magoti, akiiangalia. Rula alizungumza vizuri. Alitaja mwaka wa ndoa, akataja bei ya dola mwaka ule na bei ya siku ya mazishi, na pengo la hizo mbili liliposemwa kwa sauti katika chumba kile hata karani aliinua kichwa.

Kadhi akapenga kamasi. "Binti yangu, nitakuuliza wewe, siyo wakili. Siku ile ulisema umepokea haki yako yote. Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana."

"Ulijua kiasi kile, kwa thamani ya siku ile, ni kitu gani?"

Rula akamgusa kiwiko. Munir hakuinua macho. Hiyam aliona kwamba chumba kizima kinamngoja kwa wema: kadhi aliuliza polepole, kama mtu anayemshikia mlango mgonjwa, na karani alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi. Maneno mawili tu. Akaiona nyumba yake, dirisha la jikoni, kitanda. Halafu akaiona siku ile, mfuko umefunguliwa, na akakumbuka kwamba kabla hata Munir hajamaliza kusema, kichwa chake kilikuwa kimeshagawanya.

"Nilijua," alisema.

"Sheikh, mteja wangu ana—" Rula akaanza.

"Mwache," kadhi akasema.

"Nilijua, sheikh. Ni dola mia na hamsini na tisa na senti. Mimi ndiye ninayejua bei nyumbani kwetu. Lakini jeneza lilikuwa chini, watu wako ngazini, alasiri inakaribia. Nikaona kama nikisema hapana, Nassim atalala pale mpaka ugomvi wetu uishe. Miaka ishirini na mitano yule mtu hakuniacha nilale na neno moyoni. Hata tukigombana alikuwa anakuja kunigusa bega, anasema, Hiyam, tumalize. Kwa hiyo nikamaliza. Angeleta lira moja ningesema nimepokea." Akarekebisha mtandio wake. "Sasa nyumba naitaka. Naitaka sana, sheikh, sina pengine. Lakini siwezi kuja hapa nikasema siku ile sikujua ninachosema, maana ndiyo kitu cha mwisho nilichomfanyia."

Kadhi akakunja kitambaa chake. Halafu akamgeukia Munir. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua," Munir akasema chini chini. "Zile lira nilizinunua asubuhi ileile kwa mbadilishaji. Kwa dola zangu."

"Ngapi?"

"Kama alivyosema."

Kadhi akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kwa pindo la joho, kisha akamwambia karani aandike kwamba deni lilipokelewa kwa ridhaa na kwa kujua, na limekwisha. Hakumtazama mtu alipokuwa anasema hayo.

Nje kwenye ujia Rula alikuwa karibu kulia kwa hasira. "Neno moja, Bi Hiyam! Umeuza nyumba kwa neno moja, na kadhi mwenyewe alikuwa anakufungulia mlango!" Kisha akamkumbatia, haraka, vibaya, miwani ikamgonga shavuni, akaondoka kwenda kwenye kesi nyingine.

Munir alikuwa amesimama karibu na ngazi. Alimngoja mpaka akamfikia.

"Shemeji, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Nilikuwa nimekwisha jiweka tayari. Ungesema hukujua, ningenyamaza. Kadhi angehukumu, ningekwenda nyumbani nikawaambia wanangu, basi, mahakama imeamua, nifanyeje? Wangelalamika, yangekwisha."

Hiyam alimwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa na macho ya Nassim, na hilo lilimuuma kuliko hukumu.

"Kwa hiyo ulitaka mimi nidanganye ili wewe ulazimishwe."

"Nilitaka ubaki."

"Ungesema 'baki', Munir. Ulikuja na mkeo na machungwa, ukaketi kwenye kiti changu. Neno ni fupi hivyo, ungelisema."

Akafungua mikono, akaifunga. "Vijana wanataka kuondoka wote wawili. Tiketi, viza, malipo ya miezi ya mwanzo. Kila jioni wananiangalia. Wewe hujui..." Akaishia hapo, akaona alichokuwa anataka kumwambia mtu asiye na mtoto. "Kaa mpaka majira ya baridi yapite. Sitakuharakisha. Njoo nikupeleke nyumbani, gari liko chini."

"Nitatembea."

Akashuka. Alipofika barabarani akageuka kuona kama Munir bado yupo, kwa sababu ghafla aliona kwamba hata hivyo angekuwa mtu wa kuketi naye robo saa. Gari lilikuwa linakunja kona. Akatembea.

Njiani alimpigia dada yake Abidjan, simu ikaita, haikupokelewa. Kule watu wako dukani saa ile. Umm Wissam alikuwa kwa binti yake. Abu Talal alikuwa amefunga kwenda kusali. Hiyam alipanda ngazi na habari yake mdomoni, habari kubwa kuliko zote alizowahi kupata, kwamba leo ameulizwa mbele ya kadhi na amesema kweli na imemgharimu nyumba, na hakupata mtu wa kumpa. Alijua nani angemsikiliza vizuri. Angemwomba aisimulie tangu mwanzo, angecheka pale kwenye mafua ya kadhi, na angemwambia, umefanya vizuri, mjinga wangu, sasa tutaishi wapi? Hiyam aliketi kwenye sofa na koti lake mwilini, akamlilia mumewe kama alivyostahili kuliliwa siku ya kwanza, kwa sauti, bila mtu wa kumwambia anyamaze.

Wanunuzi walikuja mwishoni mwa majira ya baridi, mume na mke vijana, mume amerudi kutoka Ghuba na dola zake. Haji Munir aliwaleta. Mume akagonga kuta, akafungua bomba, akauliza jenereta la mtaa linatoza ngapi. Mke hakuwa na maswali hayo. Alikuwa mjamzito, anatembea taratibu, na alipofika jikoni akasimama dirishani.

"Nyumba ina mwanga, Khala," akamwambia Hiyam, kama anayemwita mama mdogo wake. "Mnaishi wangapi hapa?"

"Wawili," Hiyam akajibu, huku akiinama kuzima moto wa kahawa. "Mimi na mume wangu."

Munir alikuwa mlangoni. Alisikia. Halafu akamshika yule kijana mkono, akamwambia waende juu akamwonyeshe tangi la maji.